Robo au Nusu

Jumatatu, 18 Machi 2002, Kibiti

Leo, baada ya adhuhuri na kabla ya alasiri, katika nyumba ya marehemu baba yangu hapa Kibiti, limepotea bamba langu la saba. Naliandika juu kabisa ili kesho nisije nikaambiwa nimeota.

Ni kipande cha plastiki ngumu, angavu kama kioo, upana wa kiganja, plastiki ile ile wanayotengenezea miwani. Pembeni lina tarakimu 7 niliyoichora kwa ncha ya sindano. Katika Rufiji nzima hakuna mtu wa kulitumia isipokuwa mimi. Nisipokuwa nalo, kazi yangu ya miaka minne huko Uingereza inageuka kuwa maneno yangu mimi Hajira, na maneno ya Hajira hayajawahi kupata mnunuzi.

Ilivyokuwa ni hivi. Mvua ya kwanza ya masika imekuja na radi. Shangazi Mwamini, dada wa baba, akakurupuka na khanga mikononi: "Funikeni! Funikeni!" Akafunika kioo cha kabati, akafunika sinia, akafunika hata saa ya ukutani, maana kila mtu aliyekulia huku anajua radi inafuata kinachong'aa. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Niliporudi, mabamba yangu hayapo mezani. Radi ilipotulia Shangazi akanirudishia kifurushi. Nikafungua, nikahesabu, sita.

"Shangazi, yalikuwa saba."

"Mimi nilifunika, sikuhesabu. Mwenye hesabu humu ndani si wewe?"

"Kwani nani alikwambia uyaguse?"

"Wewe! Si ulisema mwenyewe yana picha ya radi? Kitu chenye radi ndani yake ukiache mezani, radi ya juu ipite inakitafuta? Unataka tuungue na mama yako mfiwa chumbani?"

Na ni kweli nilisema. Wiki niliyofika watu walijaa matangani wananiuliza Ulaya nafanya kazi gani, nami nimechoka. Nikawaambia tunatengeneza radi ndogo ndani ya chupa, tunaipiga picha, picha ndiyo haya mabamba. Wakacheka. Nikadhani imeishia kwenye kicheko.

Jumanne, 19 Machi

Nimepekua tena. Hakuna. Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Kazi hii nimeifikiri kwa Kiingereza tangu niianze. Leo nataka niione kwa Kiswahili, labda nitagundua ninapokosea.

Tunachukua karatasi nyembamba ya chuma, tunaitundika ndani ya chupa kubwa yenye gesi kidogo sana. Tunaipiga kwa leza. Chuma kinalipuka, kinageuka plazma, yaani gesi iliyoungua mpaka chembe zake zikaachana: elektroni nyepesi huku, ayoni nzito kule. Mlipuko unasukuma gesi iliyo mbele yake, na mbele kabisa panakuwa na ukingo, kama ukingo wa maji ya mafuriko yanapoingia shambani. Huo ndio ukingo wa mshtuko. Sasa, elektroni ni nyepesi, zinakimbia zinautangulia ukingo. Ayoni nzito zinabaki nyuma. Kati ya zilizotangulia na zilizobaki panazuka uga wa umeme, yaani mahali ambapo chembe yoyote yenye chaji ikipita inasukumwa. Hakuna aliyechomeka waya. Umezaliwa wenyewe.

Kuupima uga huo huwezi kuingiza kijiti. Tunarusha protoni, chembe nyingine zenye chaji, zipite katikati ya mlipuko kwa ubavu, zije zigonge mabamba yaliyopangwa saba kwa mstari, moja nyuma ya jingine. Kila protoni inaacha jeraha lisiloonekana. Ukilichemsha bamba kwenye kostiki, ile kali ya kutengenezea sabuni, jeraha linakuwa shimo, unalihesabu kwa hadubini. Pale zilipokengeushwa kuna mstari mtupu, na pembeni yake kuna msongamano. Upana wa mstari mtupu ndio mkengeuko.

Hadi hapo mimi na Profesa, msimamizi wangu huko, tunakubaliana. Ugomvi ni nini kimezikengeusha. Yeye anasema sumaku. Mimi nasema umeme. Njia ya kuamua ni mabamba yenyewe: protoni zenye nguvu ndogo zinaishia bamba la mwanzo, zenye nguvu kubwa zinafika la mwisho. Zilizofika la saba zina nguvu mara nne ya zilizoishia la pili. Kama ni sumaku, mkengeuko wa la saba utakuwa nusu ya ule wa la pili. Kama ni umeme, utakuwa robo. Basi. Robo au nusu. Mtoto wa darasa la tano anaelewa.

La pili nililipima huko huko: milimita 0.84. La saba likisoma 0.21, nimeshinda. Likisoma 0.42, nimeshindwa, na nitanyamaza kwa adabu.

Kwa nini nilibeba mabamba kuja nayo matangani? Nimeulizwa na Badru, mdogo wangu, kwa dharau. Kwa sababu mashine ya kuhesabia nimenyimwa tangu Novemba, amepewa mwanafunzi wa upande wa sumaku. Niliyekaanga maandazi nikajisomesha sekondari sikuona ajabu kuhesabu kwa macho. Na sikutaka kuyaacha mikononi mwa watu wanaosubiri niwe mbali.

Jumamosi, 23 Machi

Mama yuko eda. Baba alifariki mwisho wa Januari, mimi nikafika kaburi limeshakauka. Mama hatoki, hajipambi, anakaa chumbani na tasbihi, na kila nikimpelekea uji ananiuliza swali lile lile: "Bado mangapi, mwanangu?"

Kabla ya Jumatatu nilikuwa najibu: bado matatu, la tano, la sita na la saba. Nilimweleza mwenyewe, la saba ndilo la mwisho, nikilimaliza nimemaliza, naondoka.

Leo nimemwambia, "Bado matatu, na moja kati yake halipo."

"Basi subira," akasema. Akageukia ukuta.

Anavyouliza kila siku unaweza kudhani ananihesabia siku za kuniondoa.

Jumatano, 27 Machi

Nimechemsha bamba la tano. Zena, mama wa kikundi cha sabuni, amenipa kostiki. Akaniona naweka kwenye chupa ya jamu, chupa ndani ya sufuria ya maji, akashangaa: "Kwa nini usimimine sufuriani?" Nikamwambia sufuria ya alumini kostiki inaitoboa. "Hilo najua, mwanangu, nimetoboa tatu. Nilitaka kuona kama Ulaya wanajua."

Zahanati, mpima malaria Abdulrazaq ananiachia hadubini wagonjwa wakishaisha. Alichungulia kwanza yeye.

"Dada Hajira, hawa wadudu wako mbona hawana mikia?"

"Si wadudu, ni matundu."

"Plasi ngapi?" akauliza, kama anavyopima ukali wa malaria.

"Plasi nne, Abdulrazaq. Mwandikie bamba dawa."

Amecheka mpaka muuguzi akaja. Nilihitaji kicheko hicho, maana kilichofuata hakichekeshi. Kwa bamba la tano, umeme unatakiwa kutoa 0.37. Sumaku inatakiwa kutoa 0.56. Nimepata 0.46. Katikati. Si huku, si kule.

Nimehesabu upya. 0.46.

Jumanne, 2 Aprili

0.47. Nadhani macho.

Jumamosi, 6 Aprili

Shangazi Mwamini amerudi kutoka Chumbi, ng'ambo ya mto, anakolinda mpunga wetu. Analala huko kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, anawafukuza ngedere na nguruwe. Nikamkalia kitako. Sikumwacha hata ale.

"Shangazi, nataka kweli."

Akanitazama, akatazama mlango wa chumba cha mama, akatema mate pembeni. "Haya. Nililitupa."

"Wapi?"

"Mtoni. Siku ile ile jioni nilipokuwa navuka Ndundu. Nilikuwa nimelificha kwenye pindo la khanga, mbingu bado inanguruma, nikaogopa pantoni isije ikapigwa na watu wote wale. Nikalitupa."

"Likazama?"

"Lizame wapi! Lilielea kama jani, likaenda zake Delta huko. Saa hizi liko baharini."

Nimelia mbele yake. Hakunibembeleza. Aliniambia tu, "Lia uishe. Ulimlilia baba yako kwa simu, lilia na plastiki," akaingia jikoni. Nimemchukia kwa neno hilo. Mwanamke ambaye katika maisha yake hajatengeneza kitu ila kelele za kufukuza ngedere.

Jumapili, 7 Aprili

Asubuhi nilikuwa nasuuza bamba la nne ndoo ikiwa imejaa. Likaniponyoka. Likazama. Sekunde haikuisha, liko chini, kimya.

Nimelitoa, nimelitupa tena. La tatu nalo. Bapa, kwa ncha, kwa upole, kwa nguvu. Yote yanazama.

Kwa hiyo halikuelea. Kwa hiyo Shangazi hakulitupa mtoni, au alilitupa na hakutazama. Lakini mtu aliyeogopa kuungua akatupa kitu mtoni, asitazame?

Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini mtu ajisingizie kosa ambalo hajafanya.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemfuata Badru Ndundu. Anauza soda na samaki wa kukaanga kwa mafundi wa daraja jipya, na amejenga banda kwa mabati ya watu. Kila mtu siku hizi ni mfanyabiashara. Njia nzima nilikuwa nimeshajipangia: Badru ameliuza. Badru anaweza kuuza kivuli cha mnazi.

"Dada, shikamoo. Kunywa soda kwanza."

"Sinywi. Bamba langu liko wapi? Shangazi amesema alilitupa mtoni, na ni uongo."

Akaacha kugeuza samaki. "Shangazi amesema hivyo?" Akafikiri. Niliona anafikiri, nilimlea mimi huyu. "Basi ukweli ni kwamba nililichukua mimi. Nilitaka kuziba dirisha la hili banda, moshi haumfai mteja. Likaangukia jikoni, likayeyuka. Shangazi ananificha."

"Likayeyuka?"

"Kama mshumaa, dada. Tone, tone."

Nikamwambia polepole, mbele ya wateja wake: "Badru. Plastiki hii haiyeyuki. Ukiitia motoni inaungua, inakuwa nyeusi, inapasuka, lakini haitoi tone hata moja."

Fundi mmoja akacheka, "Bosi, umekamatwa." Badru naye akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Dada, wewe una akili sana. Kwa nini huna akili?"

Nimerudi Kibiti na swali hilo. Watu wawili, uongo mara mbili, kila mmoja anajivika hatia. Ningekuwa nimeibiwa ningejua la kufanya. Hili silijui.

Ijumaa, 19 Aprili

Mto umejaa. Pantoni imesimama. Shangazi yuko Chumbi, hana habari na sisi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama: "Bado mangapi?" Mimi: "Bado la sita, mama. Na lile." Mama: "Subira."

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Kostiki ya Zena ilikuwa imelowa unyevu, imekuwa tope. Anatafuta nyingine.

Ijumaa, 3 Mei

Profesa amepiga simu dukani kwa Mshamu, saa tuliyopatana. Duka zima lilinyamaza kunisikiliza nikisema Kiingereza, hata walionunua chumvi hawakuondoka.

Nilimwambia la tano liko katikati. Akasema, "Katikati maana yake umekosea." Nikamwambia nimehesabu mara sita. Akasema, "Basi umekosea mara sita." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka: makala yake anaipeleka Jumatatu tarehe 3 Juni. Ina sumaku peke yake. Nikiwepo asubuhi hiyo na bamba la saba mkononi, atanipa mashine ya kuhesabia na atasubiri jibu lake, liwe lolote. Nisipokuwepo, inakwenda kama ilivyo, na vipimo vyangu vitaitwa kelele za vifaa, yaani makosa ya mashine. Na likizo yangu ya msiba inaisha siku hiyo hiyo, ufadhili hauniongezei.

Tiketi yangu ni ya Ijumaa tarehe 31 Mei. Kutoka hapa lazima nipande basi la Dar Alhamisi jioni. Mama anatoka eda wiki ya kwanza ya Juni. Tangu mwanzo tiketi ilikuwa hivyo, na tangu mwanzo tulijua sote, na hakuna aliyelitaja.

Mshamu akaniuliza, "Mzungu anasemaje?"

"Anasema nimekosea."

"Alikuwepo ulipohesabu?"

"Hakuwepo."

"Mbona anajua?"

Jumapili, 12 Mei

Bamba la sita. Umeme unataka 0.28. Sumaku inataka 0.48. Nimepata 0.38.

Nimeweka kalamu chini nikatoka nikasimama uani mvuani kama punguani. Jirani akapita akaniuliza kama nimefiwa tena.

Nimejaribu kufikiri ninachokosea. Moto wa mkaa haukutulia? Ningepata matundu makubwa au madogo, si mkengeuko mwingine. Nimepima pasipo? Nimepima mara nyingi kupita kiasi. Mabamba mawili tofauti, yamechemshwa siku tofauti, kwa kostiki tofauti, yote yananiambia neno moja: si hivi, si hivi. Au, na hili nimeliandika kwa kusitasita, hivi na hivi. Labda mle ndani kuna umeme na kuna sumaku, kila moja na fungu lake. Labda mimi na Profesa tumekaa miaka minne tukigombana kuhusu kitu kimoja kumbe ni viwili.

Silitaki jibu hilo. Linanifanya nisiwe nimeshinda. La saba ndilo litakalosema.

Jumapili, 26 Mei

Kichwa changu hakijakaa sawa, lakini nitaandika kwa mpangilio.

Shangazi alikuwa bado hajarudi kutoka dungu, ingawa pantoni inavusha tena. Baada ya adhuhuri mbingu ikafunga. Mvua za mwisho huku zina hasira kuliko za kwanza. Radi ya kwanza ilipopiga, khanga iliyofunika kioo cha kabati chumbani kwa mama ikateleza ikaanguka kwenye maji yaliyovuja chini.

"Hajira," mama akaniita. "Funika kioo."

"Mama, kioo hakiiti radi."

"Funika tu."

"Khanga imelowa."

"Chukua nyingine kashani."

Nikafungua kasha lake. Juu kulikuwa na khanga, na nilikuwa naivuta. Chini yake kulikuwa na shuka ya baba, ile ya bluu ya kuvaa nyumbani, imekunjwa vizuri, bado ina harufu yake ya ugoro. Umeme ukamulika dirishani. Ndani ya mkunjo kitu kikang'aa, na pembeni mwa kitu hicho niliona 7 yangu.

Niligeuka. Mama ananitazama, tasbihi imesimama kidoleni.

Ningekuwa mimi wa Machi, ningelichukua. Ni langu, lina mwandiko wangu. Lakini mkono ulikataa. Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Funika kioo, mwanangu. Radi haina adabu."

Nikafunika kioo. Nikalaza mkunjo wa shuka juu ya bamba kama ulivyokuwa. Nikafunga kasha. Nikakaa chini kwenye mkeka, miguu yangu imegusana na yake, tukasikiliza radi mpaka ikaondoka.

Halafu akaniuliza, "Bado mangapi?"

"Bado moja, mama."

"Alhamdulillahi," akasema.

Tangu Machi nimelisikia swali lile kama mtu anayenihimiza niondoke. Leo nimesikia alikuwa anauliza nini: kama bado nipo.

Lakini sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi. Je, alisahau kilichomo kashani aliponituma? Mama ambaye anajua kila uzi uliopo katika kasha lile? Au alinituma makusudi nilione? Na kama alitaka nilione, alitaka nilichukue, au alitaka nijue tu kwamba yeye ndiye?

Jumatatu, 27 Mei

Shangazi amekuja na kapu la samaki. Nikamvuta nyuma ya jiko.

"Nimeliona."

Hakuniuliza nini. Akaweka kapu chini. "Uliligusa?"

"Sikuligusa."

"Afadhali."

"Ulijua siku zote?"

"Nilimwona siku ile ile. Nimefunika, nageuka, namwona anachomoa moja, anatazama namba, anarudisha, anachomoa jingine, anatazama namba. Mtu anayetafuta kitu anachokijua."

"Na wewe ukaniambia umelitupa mtoni!"

"Ulitaka niseme nini? Mke wa kaka yangu, yuko eda, nimtaje mwizi kwa mwanawe? Mimi na mama yako tangu aolewe hatujakubaliana hata chumvi ya mchuzi. Lakini bora mimi niitwe mjinga aliyeogopa radi. Jina hilo nimelizoea." Akainua kapu. "Na wewe na ndoo yako! Badru naye alishajua ni nani, akaniambia umeyazamisha mabamba kupima uongo wangu. Mtu gani huyo, anapima shangazi yake kwenye ndoo?"

Nilicheka nikiwa nalia. Nimeandika mahali fulani juu kwamba katika maisha yake hajatengeneza kitu. Naacha ilivyoandikwa, ili nione aibu kila nikisoma.

"Kwa nini haniambii nikae, Shangazi?"

"Atakwambiaje? Baba yako alimkataza mtu yeyote kukuzuia. Alisema, huyu alijisomesha, hakuna mwenye haki naye. Mama yako anatii maneno ya marehemu. Mdomo wake unatii. Mkono ndio uliomshinda."

Jumanne, 28 Mei

Nimemuuliza mama, ana kwa ana. "Mama, nikae?"

"Nenda mwanangu. Safari ya elimu haizuiliwi. Mimi nina Mungu, nina wifi yangu, nina Badru."

Badru anahamia kabisa Ndundu daraja likikaribia kwisha. Shangazi ana mpunga wa kuvuna Chumbi. Mama anayajua hayo yote. Anasema niende, na wakati anasema niende macho yake yako kwenye kasha.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya. Nimewaza zile elektroni. Miaka minne nimezieleza kwa watu wazima wenye shahada: nyepesi zinatangulia, nzito zinabaki, na kati yao panazuka nguvu ambayo hakuna aliyeichomeka. Sikuwahi kujiuliza ipi inaumia.

Jumatano, 29 Mei

Mama hasomi herufi za shuleni, namba tu anazijua. Anasoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, aliyofundishwa chuoni na babu yake, na mimi nilifundishwa na yeye, kabla sijajua A. Nimeketi leo nikamwandikia kwa hati hiyo. Mkono umekuwa mzito, nimeharibu karatasi nyingi. Barua nimeiweka juu ya kasha, si ndani. Hapa nainakili.

"Mama yangu Mwanahalima, assalaam alaykum.

Nimejua lilipo. Sikasiriki. Nilikasirika, imekwisha.

Nikikaa, makala ya Profesa inakwenda Jumatatu bila mimi na ufadhili unafungwa. Nitafundisha hapa Kibiti kama zamani, na robo yangu au nusu yangu haitajulikana. Nayajua hayo, nimeyapiga hesabu, usiyabebe wewe. Nikienda, utatoka eda sipo, kama baba alivyozikwa sipo. Hilo nalo nimelipiga hesabu, na kila nikilipiga linatoka vingine.

Mabamba mawili yameniambia katikati, na kwenye karatasi naweza kuandika katikati, sasa nimekubali. Kwenye kiti cha ndege siwezi. Kiti hakikaliwi nusu.

Usiniambie alichosema baba. Usiniambie una Mungu, sote tunaye. Na usinijibu kwa kasha, wala kwa kioo, wala kwa subira. Ukitaka niende, litoe ndani ya shuka unipe kwa mkono wako. Ukitaka nikae, sema neno hilo kwa mdomo wako, nikae, nami bamba nitaliacha lilipo na sitaliuliza tena.

Basi la Dar linapita kesho Alhamisi baada ya alasiri. Nitakuwa nimekaa mlangoni kwako, mkoba uko pembeni, haujafungwa. Kabla muadhini hajaanza adhana ya alasiri, mama, nijibu neno moja: niende, au nikae?"